Gari Jipya la Magesa

Mdogo wangu Bwire, pokea salamu za upepo wa ziwa. Leo huku Mwisenge binamu yetu Magesa alileta uwanjani gari lake jipya la rimoti, lile toleo la mashindano mlilolisubiri kwa hamu. Liliruka tuta moja tu, ekseli ikakatika! Wenzake wakajaribu ekseli za toleo la zamani, hakuna iliyoingia.

“Wamebadilisha makusudi!” Magesa akafoka. “La zamani lilikuwaga linapanda mawe!”

Akamwomba Wambura, ambaye alimuuzia lile lake la zamani, amwazime kwa mashindano ya Bunda. Wambura akacheka tu. Hapo nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye kadi isiyo na bahasha.

Wewe lako la toleo la zamani usimuuzie mtu. Nakukumbatia, mdogo wangu.

Dada Nyamisi