Wimbo wa Matabishi

Yaya Ilunga,

Juzi umenipigia kelele tena, safari hii sokoni, mbele ya samaki. Nilikuwa nimeinama nachagua, mikono yote miwili imejaa, wewe ukatokea nyuma ya mizani: "Hii iko ya Ilunga wa Katuba! Mwenye anaiba, aibe na jina yangu!" Moyo ulinishuka ukarudi. Watu wakanitazama. Umezikwa huu mwaka wa pili, kaka yangu, na bado huna adabu.

Nikupe habari kwanza, maana huko uliko sijui kama zinafika. Kibanda chako sasa kina mama mmoja anauza mayai na unga. Hakuna tena anayeleta flashi ajaziwe nyimbo. Na ule mtandao uliokuwa unapandishia nyimbo zako zote, ule uliouita ghala lisilo na panya, umefungwa. Wenye nyimbo waliushtaki, wakasema unagawa mali ya watu bure. Labda wana haki, hata mwanamuziki anakula. Mimi sikulilia nyimbo zao. Nililia wimbo wa Mama.

Unajua hatukuwa nao mahali pengine. Umeme uliporudi kwa nguvu ukachoma kompyuta yako, ulicheka tu: "Mama iko kule, hawezi kupotea." Nikakuamini. Tangu Mama atutoke, nilipomkumbuka nilifungua ule ukurasa, nikamsikia anatwanga majani ya sombe na kuimba ule wimbo wa Kiluba wa kuita watoto waje kula. Nawe ulipoondoka, kwa homa ambayo sote tuliiona ndogo, ule ukurasa ukawa mahali pekee pa kukimbilia. Halafu asubuhi moja nikabonyeza, ukaja ukurasa mweupe na sentensi moja ya Kifaransa: huduma imekwisha. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Nilizunguka mtaa wetu wote wa Katuba nikiuliza nani bado ana flashi yako ya zamani. Nyingine zilikuwa zimejazwa upya, nyingine zimevunjika. Yaya, Mama alikufa mara ya pili, na safari hii hakuna jirani aliyekuja kukaa chini pamoja nami.

Wewe, lakini, ulikataa kunyamaza. Unakumbuka ulivyoanza ile kelele: wauza nyimbo wenzako walikuwa wananakili kazi yako, ukaamua kubandika sauti yako mwanzoni mwa kila wimbo, ili hata mwizi akutangaze. Tulikusifu kwa ujanja. Hakuna aliyefikiria siku ya kilio chako. Vijana walileta spika, wakachomeka flashi uliyowajazia mwenyewe, na kabla ya wimbo wa kanisa ukapaza sauti juu ya jeneza lako: "Hii iko ya Ilunga wa Katuba!" Shangazi alikimbia mpaka barabarani na kiatu kimoja. Watu walicheka, kisha wakalia kuliko mwanzo. Mimi nilikaza macho kwenye lile jeneza, nangoja umalizie.

Tangu siku ile unanifuata. Kwa kinyozi. Kwa fundi viatu. Katika gari la kwenda mgodi wa Kinsevere, kwenye simu ya mchimbaji aliyesinzia. Nimeshashuka njiani, mbali na nyumbani, kwa sababu yako. Nimejifunza kuziba masikio upesi, kwa sababu sauti ya marehemu iliyochangamka namna ile siwezi kuizoea. Niliogopa, Yaya. Nakuambia wazi, nilikuogopa wewe.

Juzi mikono ilikuwa na samaki, sikuweza kuziba. Muuzaji ni mama kutoka Pweto, kule ziwani, ndiye anayeleta wale wakavu, na simu yake ilikuwa inapiga muziki kando ya gunia. Nikakusikia mpaka mwisho. Kelele za soko zikapita katikati. Halafu nikasikia kinu.

Samaki wote wakaanguka chini.

Yule mama alidhani nimeugua. Nilipomuuliza, akanieleza kwamba kila akija mjini ulikuwa unamjazia nyimbo za safari. "Na hii ya mwisho alinipa ya matabishi," akasema. Matabishi! Na mimi nilivyokugombeza kwa hilo! Muuza unga anaongeza konzi moja, muuza samaki anaongeza kadogo kamoja juu, na wewe ulikuwa unaongeza Mama yetu mwishoni mwa kila flashi. Nilikuambia Mama si matabishi. Ukanijibu: "Matabishi, muntu anatoaka ile kintu yeye mwenyewe anapenda." Sasa ona. Ghala lako halina kitu, na Mama anaimba kwenye barabara ya Pweto. Huyu muuza samaki anaujua wimbo wote, hata maneno niliyoyasahau mimi.

Tulilaza simu mbili juu ya gunia la samaki, wimbo ukapita kutoka moja kwenda nyingine. Simu yangu bado inanuka.

Nyumbani nikakaa jikoni nikausikiliza tangu mwanzo. Zamani, kwenye ule mtandao, nilikuwa nauruka mwanzo kila mara. Kelele yako ilinichosha, nilisogeza mbele moja kwa moja mpaka kwenye kinu. Kumbe katika wimbo huu hukubandika sauti. Uliyasema maneno yako palepale jikoni, mdomo karibu na simu, kicheko kimekubana. Na Mama, kabla ya kuanza kutwanga, anakuuliza: "Weye Ilunga, uko nasema na nani?"

Unacheka kidogo puani, kisha kinu kinaanza.

Nimeusikiliza mpaka betri ikaisha, nikachaji, nikausikiliza tena. Kila mara anauliza. Kila mara humjibu. Na hapo jikoni hapakuwa na mtu mwingine, Yaya, mlikuwa ninyi wawili tu, na sasa wote hampo.

Fundi simu ameniambia anaweza kukata hiyo sehemu ya mwanzo, abaki Mama peke yake akiimba safi. Nimemkatalia, hata sauti nilipandisha.

Nakuahidi hivi. Sitaukata. Atakayeuomba nitampa, awe dereva, awe muuza sombe, na asiyeuomba nitamwongezea. Nikikusikia njiani sitashuka tena. Nitakaa nikusikilize mpaka mwisho kama unavyostahili. Nenda kalale sasa, umepiga kelele ya kutosha. Na lile swali lisikusumbue, kwa kuwa nimeanza kulijibu mimi, hapa jikoni, katika kale kanafasi kadogo kabla ya kinu:

"Mama, iko nasema na miye."

Mdogo wako,
Kabange