Korosho za Mfuko wa Kahawia

Jumatano, 5 Machi. Kiswere
Nimechemsha tena ngozi nyekundu za korosho, nikachanganya maji yake na wanga wa muhogo, nikaanika kwenye sinia. Imetoka karatasi laini ya kahawia. Mifuko miwili imo kabatini tangu Januari, mmoja wa karatasi hii, mmoja wa nailoni. Ndani korosho vipande, nzima tuliuza. Ngozi zinazuia mafuta ya korosho yasichache. Nadhani. Tarehe 22 kikundi chetu cha akina mama wauza korosho kinafungua mifuko yote miwili. Wangu wa karatasi ukishindwa, akina mama wanarudi kwenye nailoni, nami narudi Dar kutafuta kazi. Sitaki.

Jumatano, 12 Machi
Joto. Nimelizunguka kabati mara saba. Nikifungua mfuko, hewa inaingia, jaribio limeharibika. Mama anasema subira. Nimemjibu vibaya, tena na saumu yangu. Astaghfirullah.

Jumapili, 16 Machi
Nimenusa mshono wa mfuko. Sikusikia kitu. Daku sili. Najichukia kwa kuhangaika hivi. Mama ananitazama tu.

Jumamosi, 22 Machi
Sisi tumefunga, kwa hiyo ameonja jirani yetu Mkristo, Mama Vero. Za nailoni alizitema. Zangu akatafuna, akaomba tena. Vigelegele. Nikachungulia mfukoni. Korosho nzima. Zote nzima, nyeupe, wala si vipande nilivyotia. Nikatabasamu kama mwehu, sikumwambia mtu.

Jumapili, 23 Machi
Nimemuuliza mama. Hakubisha. "Daku huli, mwanangu. Ningekuacha uumbuke mbele za watu?" Alinunua nyingine, akafunga mfuko upya kwa pasi. Na vipande vyangu? Alivitwanga akatia kwenye futari ya Alhamisi. Vilikuwa vimechacha? Hajui. Alikuwa amefunga, hakuonja. Nami nilikula mabakuli mawili! Sikumbuki ladha yoyote ila nazi. Nimelia kwa hasira. Nikamwonea huruma. Kisha hasira tena. Kesho kikundi kinatoa fedha za kununua wanga.

Jumatatu, 24 Machi
Nimewaambia kwamba jaribio liliharibika nyumbani. Mama sikumtaja. Akasimama mwenyewe: "Ni mimi, jamani. Mtoto hakujua." Hata Mama Vero hakutania. Msimu huu wanabaki na nailoni. Nimepewa nafasi nyingine, moja tu.

Jumatano, 26 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimejaza mifuko miwili mipya. Mama ameipeleka mwenyewe kwa Mama Vero, akamwambia asimruhusu yeye, mama, kuigusa hata akimlilia. Amerudi amelowa. Nimempa khanga kavu.