Vichwa vya Ondina

Alhamisi, 5 Oktoba
Ondina amekufa. Saa nne asubuhi, moyo. Nilikuwa ghorofani nakoroga zege. Don Anselmo, msimamizi, akanipigia filimbi. Nikadhani nimekosea kipimo.
Naandika humu kwa sababu ndani hamna karatasi nyingine. Ni daftari la mke wangu la wateja wa nywele. Ukurasa wa leo una majina manne, mwandiko wake. La kwanza limekatwa kwa kalamu. Kichwa kimoja alikimaliza.

Ijumaa, 6 Oktoba
Tumezika. Jua kali.
Yudelka, binti yetu, kaja na basi toka Santiago. Anasoma ususi kule, anamaliza Desemba. Akaniambia: baba, usiuze kiti wala draya, nakuja kukaa pale pale kwa mama. Nikasema sawa.
Zunilda naye alikuja, nywele zimesimama kama kofia. Ondina alimfanyia kazi miaka kumi na moja kwenye saluni yake. Akaondoka na kitana kimoja, akafungua yake hapa varandani. Alianza na kichwa kimoja, cha jirani, tena kwa kubembeleza. Miaka sita, vichwa thelathini na mbili. Zunilda hajasamehe hata kimoja.
Nimemsikia makaburini, shimo halijafunikwa: poleni sana wenzangu, Mungu amlaze, kwangu nafasi zipo kuanzia Alhamisi.
Wengine waliitikia kwa kichwa.
Vikienda kule havirudi. Yudelka atakuta kiti tu.

Jumatatu, 9 Oktoba
Sala kila jioni, siku tisa. Nyumba inanuka tangawizi. Doña Fredesvinda anaongoza, ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.
Don Anselmo kapita, kavua kofia. "Pole, kaka. Lakini zege halijui matanga. Jumatatu ijayo, saa moja, uwe na beleshi mkononi. Ukikosa nampa mwingine."
Nikasema nitakuja.
Mkewe, Eufemia, alisimama nyuma yake anaangalia draya. Siyo mimi. Draya.

Jumatano, 11 Oktoba
Nimewasikia wanawake jikoni. Shida yao hii: Jumapili ni siku ya tisa, watu watakuja mpaka wa mji mkuu. Huwezi kwenda siku ya tisa ya mtu na kichwa kama fagio. Ya msusi ndiyo kabisa. Na aliyekuwa anawaseti ndiye tunayemwombea.
"Kwa Zunilda kuna nafasi," mmoja kasema, kwa sauti ya chini.
"Uende kwa Zunilda kwa ajili ya matanga ya Ondina? Atafufuka akupige na kitana."
"Basi tufunge vitambaa."
"Funga wewe, shoga. Kuna picha zitapigwa."
Halafu wa kwanza tena: Zunilda anafungua saa ngapi?

Ijumaa, 13 Oktoba
Nimemwambia Doña Fredesvinda akae kwenye kiti.
"Nifanye nini?"
"Kichwa."
"Crispín, wewe unakoroga zege."
Nikamwambia miaka sita kila Jumamosi nampa Ondina rola mkononi. Najua nyekundu, najua ya bluu. Akaangalia mikono yangu. Akapiga ishara ya msalaba, akakaa.
Nikaosha. Akasema polepole, hicho kichwa siyo karai. Dawa ya kulainisha niliikoroga mpaka kitana kikasimama wima. Hapo sina shida. Rola ya kwanza nikaikaza kama nafunga nondo. Nyusi zikapanda. "Crispín, siwezi kufumba macho." Nikalegeza.
Zilizofuata nikapanga kama tofali. Ya juu inakaa katikati ya mbili za chini. Mshono usikae juu ya mshono.
Nimefika nyuma ya sikio ndiyo nimekumbuka. Mwaka ule anaanza, wateja walikuwa wanalalamika. Ngozi inaonekana kati ya rola na rola, mistari kama shamba la mihogo. Ndivyo alivyofundishwa kwa Zunilda. Jioni moja nikamtoa nje nikamwonyesha ukuta wa jirani, tofali zilivyopishana. Akaingia ndani.
Sikujua kama aliutumia. Miaka sita nampa rola, macho yangu kwenye mpira wa kwenye TV.
Nikasimama kidogo. Fredesvinda akasema maji yanamwingia shingoni. Nikaendelea.
Umeme ukakatika yuko chini ya draya. Saa nzima. Kasali rozari yote humo humo.
Mwisho akajiangalia kwenye kioo, mbele, nyuma. Hakuna mstari hata mmoja. Akasema: usimwambie mtu. Nikasema wewe ndiyo usimwambie mtu. Wakijua kwenye jengo nitaitwa Doña Crispín, kama mwanamke, mpaka nife.

Jumamosi, 14 Oktoba
Vichwa kumi na moja. Fredesvinda kamwambia kila mtu.
Mkono unauma mahali ambapo beleshi halijawahi kufika.

Jumapili, 15 Oktoba
Siku ya tisa. Uwanja umejaa, watu mpaka barabarani. Yudelka kaja jana usiku.
Zunilda kakaa mstari wa pili. Kila kichwa kilichopita alikikagua. Tulipofika kwenye litania ya watakatifu akashindwa kuvumilia, akamwinamia Fredesvinda: nani kawaseti?
Fredesvinda hakugeuka. Kajibu kwa sauti ile ile ya sala:
"Marehemu."
Uwanja mzima ukaitikia: "Utuombee."
Zunilda kapiga msalaba mara mbili. Chakula hakukisubiri.
Baadaye Yudelka akapitisha vidole kwenye kisogo cha Fredesvinda. Anatafuta mstari. Akatafuta tena. Akaniangalia mikono.
"Baba. Desemba ni mbali."
"Wiki nane," nikasema.
Eufemia alikuja na kitambaa kichwani. Jana nafasi iliisha kabla yake. Kasubiri mumewe aende kwenye sahani, akanivuta pembeni. Mimi lini? Nikafungua daftari, ukurasa wa kesho. Mwandiko wa Ondina: *Eufemia, saa 2, rola kubwa. Anaongea sana, mwache.*
Nikamwambia kesho saa moja mumeo ananisubiri na zege.
"Nitamwambia."
"Utamwambia nini?"
"Bado nafikiri."
Nimemwona wakati wa kuondoka, kamshika mumewe mkono. Hajasema bado. Don Anselmo kanipungia: kesho, kaka.
Beleshi nimelisafisha, liko nyuma ya mlango. Rola zinakauka kambani.
Kesho saa mbili narudi kazini.