Mama Mgonjwa Anamkimbia Mkwewe

Mpendwa mshauri, nakusalimu kwa heshima, na baada ya salamu naomba unisaidie upesi, maana mama yangu atakufa kwa kuona haya nami sijui nishike lipi.

Mimi ni Msukuma wa upande wa Shinyanga, nimeolewa na Mihayo, naye anafanya kazi katika mgodi wa dhahabu huku Geita. Mama alikuja kunitunza nilipojifungua, akawa analala kwa jirani yetu Mama Cornel, kwa kuwa kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja, hawali pamoja, na hata njiani wakikutana mmoja humpisha mwenzake. Basi asubuhi moja alikuwa anatwanga uani kwangu, akashika kifua, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, akaanguka kando ya kinu, na wanaume wote walikuwa kazini isipokuwa Mihayo aliyetoka zamu ya usiku, naye hakuuliza mila wala nini, alimbeba mgongoni mbio mpaka hospitali, watu wakishangaa njia nzima. Daktari alisema ni moyo, na tungechelewa kidogo tungekuwa matangani.

Sasa ametoka hospitali, lakini daktari amemkataza kutwanga, kuchota maji, hata kuinukainuka, na hataki akae mbali na hospitali. Kwa Mama Cornel wamejaa wageni, nikamlaza kwangu chumba cha mbele, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mume wangu akirudi, mama huinuka, hujishikiza ukutani, hutokea mlango wa nyuma na kwenda kukaa jikoni kwenye moshi mpaka mwenzake amekula na kulala. Mimi kwa heshima nilimwambia Mihayo apige kengele ya baiskeli tangu kule bombani, ili mama apate nafasi ya kuondoka taratibu, naye hakosi hata siku moja. Juzi alipoipiga mama aliinuka, akaanguka mlangoni, midomo ikawa myeusi, na Mihayo akasimama nje analia, anaogopa kuingia. Mama alipopata pumzi alisema, "Mwanangu, yule amekwisha nibeba mgongoni mbele ya watu. Nikilala tena machoni pake, nitarudi nyumbani na uso gani?"

Kaka yangu Maige ametuma neno kwamba mwisho wa mwezi atakuja na lori la mizigo kumchukua. Mama anafurahi, lakini daktari anasema safari hiyo itamwua. Je, nimwache aende na heshima yake, au nimzuie aishi na aibu?

Ni mimi Paskalina, Geita.

JIBU

Paskalina, pole sana binti yangu. Nimekujibu kwa posta pia, kwa kuwa gazeti huchelewa kufika huko.

Pole umeipata, sasa nikugombeze. Mama amekatazwa kuinuka, nawe umemtafutia kengele ya kumwinua! Mumeo bado yuko bombani, mgonjwa amekwisha anza mbio. Unaita heshima hiyo?

Mila yenu inasema wasionane. Haikusema mgonjwa ndiye akimbie. Mwenye miguu mizima ndiye apishe. Kuanzia leo Mihayo apitie nyuma, ale jikoni, alale kwa wenzake wa kazi mpaka daktari atakapomruhusu mama kuinuka. Tundika kaniki mlangoni kwa mama. Mumeo akinung'unika, mwambie mimi ndiye niliyesema, ingawa mtu aliyekimbia na mkwewe mgongoni sidhani kama atanung'unika.

Habari ya lori usiniulize tena. Mgonjwa haulizwi uji. Hapandi.

Mwandikie Maige leo, aache lori, aje na shangazi yenu na mzee mmoja wa ukoo. Mimi si Msukuma, sitawafundisha wenye mila mila yao, lakini sijaona wazee waliofunga jambo wakashindwa kulifungua kwa ajili ya uhai wa mtu. Hao wamwambie mama kwa vinywa vyao kwamba siku ile hakuvunja kitu. Neno lako halimtoshi, wewe ni mtoto wake. Na wamwambie Mihayo pia, maana huyo aliyelia nje anadhani ni yeye anayemwua.

Na ile kengele, aifungue kwenye baiskeli, uiweke kitandani kwa mama. Akitaka maji, apige yeye, nanyi ndio mkimbie.