Kuhusu Yule Mtu wa Tepu

Ruiru,
Jumapili jioni

Kwako Mama Ndinda, mama mwenye ploti ya vyumba tulimopanga na mama yetu hata baada ya kuhama,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi Gachau, kwa mke wangu Lynn na kwa binti yetu Maggie, ambaye kila akiamka anauliza kuku wako wamelala wapi. Sisi ni wazima. Tunatumaini goti lako limetulia sasa baridi ikipungua, na kile kikohozi kimekuachilia. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako nimeipiga hadi nikachoka. Nduku wa kibanda cha mboga alinieleza kwamba tangu wale matapeli wakupigie wakidai mwanao wa kiume yuko seli, ilhali wewe hujawahi kuzaa mvulana, hupokei simu ya mtu yeyote. Umefanya vizuri. Kesho Lynn akienda kazini Thika atashuka hapo Witeithie akupe barua hii mkononi.

Nduku huyo huyo ndiye aliyeniambia juu ya mgeni uliyemfukuza wiki jana. Alisema mtu alifika na tepu ya kupimia, akaanza kupiga picha ukuta wako, nawe ukatoka jikoni na mwiko wa ugali ukimuuliza ni broka wa nani na hiyo ploti ameambiwa inauzwa na nani. Nduku anasema mtu alitoka mbio na tepu ikabaki kwako. Nilicheka sana, halafu nikaacha kucheka. Nitarudi kwa hayo, lakini kwanza nikupe habari za nyumba.

Nyumba ni nzuri, mama. Rangi bado, na mfereji wa jikoni una kiburi, lakini ni yetu. Vile viazi vitamu ulivyotufungia siku ya kuhama ndivyo tulivyokula jioni ya kwanza, tukiwa tumekaa sakafuni, maana miguu ya meza ilikuwa imezikwa chini ya magodoro. Lynn alisema havijawahi kuwa vitamu hivyo. Nami nilikubali, ingawa vingine havikuwa vimeiva.

Sasa kuna jambo la bima. Ingekuwa ni mimi peke yangu ningelisahau kabisa. Nilidhani bima hupanda lori pamoja na vitu na kushuka navyo. Lynn alikataa, akampigia wakala wetu Karanja kabla hata hatujafunga kitanda kamba. Karanja akatueleza kwamba bima yetu ilikuwa ya vitu vilivyo ndani ya chumba chetu huko kwako, kwa hiyo ni lazima kampuni ijulishwe siku ya kuhama na nyumba tunayoingia. La sivyo, lori likipinduka pale Juja, tungeokota vipande vyetu wenyewe. Namshukuru Mungu kwa huyo mwanamke. Tangu alasiri ile soketi ya jirani ilipolipuka na vyumba vikashika moto, Lynn hana mzaha na mambo haya.

Wiki mbili zilizopita Karanja alikuja kujionea. Aliangalia paa, akaangalia stima na milango, kisha akasimama mbele ya madirisha na kuuliza mbona hayana grili. Akataka kujua mimi hufanya kazi gani. Kabla sijafungua mdomo Lynn alikuwa amemwambia kwamba mume wake huchomelea watu magrili na mageti. Karanja aliinama kwenye mkoba wake akijifanya anatafuta kalamu, na akaitafuta sana. Magrili nimeshatengeneza, mama, hata rangi nimepaka, kwa hiyo usinicheke.

Tukakaa kunywa chai. Hapo akatuuliza, nyumba hii ikiungua tukashindwa kukaa ndani, tutaenda kuishi wapi ikitengenezwa. Mimi na Lynn tulijibu kwa pamoja kwamba tutaenda kwa Mama Ndinda. Akatabasamu, akasema bima hii italipia pango mahali pengine kwa muda huo. Lakini sisi tulikuwa tumeshaanza kukusimulia. Tulimwambia jinsi Lynn alivyokuwa karibu kujifungua siku ile ya moto, ukampa kitanda chako, ukalala kwenye kochi na miguu juu ya stuli mpaka goti likaharibika. Tulimwambia tulivyopika kwa sufuria zako na kuvaa nguo ulizotuombea kanisani. Na kwamba ulimuuza yule ng'ombe wako mweusi ukajenga vyumba upya, na chumba cha kwanza kupata mlango kilikuwa chetu.

Karanja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ploti yako ina bima. Nikasema haina. Akauliza tena, polepole, kwamba ikishika moto mara ya pili, Mama Ndinda naye ataenda kwa nani.

Lynn aliweka kikombe chini akanitazama. Niliona aibu, sikufichi. Miaka yote hiyo televisheni yetu ilikuwa na bima chini ya paa lako, na paa lenyewe halikuwa nayo. Na safari hii hakuna ng'ombe mwingine wa kuuza.

Sasa kaa chini kwanza ndipo usome hapa. Yule mtu wa tepu ni wetu. Anaitwa Mwangangi, ni mkaguzi wa nyumba anayefanya kazi na Karanja, na ni sisi tuliomtuma. Karanja alikuwa ametuonya kwamba nyumba ya mtu haiwekewi bima kwa siri, na kwamba ni lazima mwenyewe akubali na atie sahihi. Nikafikiri mtu atapima kuta kwanza, kisha sisi tuje na karatasi pamoja na keki tukushangaze. Nilisahau wewe ni nani. Mwangangi anasema alijaribu kukueleza kwamba ametumwa na Gachau, nawe ukamjibu kwamba hakuna mwizi Witeithie asiyejua jina la Gachau.

Najua utasema Mungu ndiye bima yako. Sibishi. Lakini siku tulipoungua Mungu hakutuangushia godoro kutoka mbinguni, alikutuma wewe. Mwache naye atutume sisi mara hii moja. Malipo mimi na Lynn tumeshayapanga, kwa hiyo hapo usianze.

Jumamosi tutakuja wote, pamoja na Mwangangi, ambaye ameomba atembee nyuma yangu. Tafadhali mwiko ubaki jikoni na tepu ya mwenyewe itoke. Akimaliza kupima na bado hutaki, rarua karatasi, tunywe chai, nami nitarudi nyumbani nikiwa bado mtoto wako.

Lakini swali la Karanja, hilo tumeshalijibu. Kuna chumba hapa nyuma, kinachopata jua la asubuhi. Lynn ametundika pazia, nami nimetengeneza kitanda kifupi ambacho goti lako halitagombana nacho. Maggie anakiita chumba cha cucu, yaani bibi yake, na haruhusu mtu kuweka vitu humo. Ploti iungue au isiungue, utie sahihi au ukatae, hapo ndipo unapokuja. Kitanda hicho tumekiwekea bima pamoja na vitu vyetu.

Tusalimie Nduku, na kuku wote kwa niaba ya Maggie. Asante, mama. Nilipaswa kuisema siku ya lori, lakini nilijifanya nakaza kamba.

Mimi mwanao wa kiume, ambaye hayuko seli,

Gachau