Mmea wa Zukiswa Umeshiba Maji

Mama, Baba, Bibi,

Naenda hospitali kuwaleta dada Zukiswa na mtoto. Tafadhali, mmea uliokuwa ukining'inia juu ya kitanda cha dada msiupe maji. ~~Leo tu.~~ Wiki nzima!

Alfajiri nimeukuta umelowa chapachapa, majani yameanza kugeuka manjano. Nikajibanza nyuma ya pazia nimjue mhalifu. Mama akaja na kikombe. Bibi akaja na jagi, anauimbia. Halafu Baba, na birika zima! "Kunywa, mjukuu wangu," anaunong'oneza.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mwanga ulikuwa unaingia, vivuli vya vichipukizi vyake vinaelea ukutani kama watoto wamelala hewani. Tuliutundika umlinde mtoto. Akazaliwa kabla ya siku zake, wakamweka kwenye kisanduku cha kioo, tukawa hatumgusi. Basi mapenzi yote tukayamwaga kwenye chungu.

Najua mtasema, "Si uliacha chuo cha kilimo wewe?" Niliacha, ila somo la mizizi kuoza nililiwahi.

Nimeyamwaga maji yaliyozidi, nimeusogeza dirishani. Utapona. Nyie jioni naweni mikono, mpange foleni. Mtoto sasa anabebeka.

Mjomba mtu