Raba Sebuleni kwa Wakwe

Dada Zuhura mpenzi,

Nakusalimu kutoka Ogembo, nyumbani kwa wakwe wa mwanangu Salim, kwenye vilima, ndizi tamu na mvua ya kila alasiri. Zile ndara bapa ulizonisifia zimeniua kisigino. Juzi asubuhi nilishuka kitandani, nikapiga ukelele kama niliyekanyaga msumari. Daktari kanambia ninyooshe mguu kabla ya kusimama, nibingirishe unyayo juu ya chupa ya maji ya barafu, nivae raba zenye soli nene, na nisikanyage simenti peku hata ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba ya wakwe, dada! Sisi tuliozaliwa tukivua viatu mlangoni! Nikamnong'oneza mke wa Salim. Akacheka: "Vaa tu, mama. Nitawaeleza wazee wangu."

Sijui aliwaeleza nini. Jana baada ya swala ya Ijumaa niliingia sebuleni na raba zangu mpya, uso nimeuinamisha kwa haya. Nikakuta familia nzima imezunguka sinia ya pilau mkekani, kila mmoja na viatu miguuni. Baba mtu alikuwa na gambuti zake za shambani, amezisugua mpaka zinang'aa.

"Karibu, mama Salim," akasema. "Leo sote tunaumwa visigino."

Nilikula huku nacheka na machozi yananitoka.

Mola akutunze, wewe na miguu yako. Na umwambie Salim kwamba akigombana na mkewe, mimi nahamia Ogembo, na raba zangu.

Mdogo wako,
Mwanaisha